Haiingii, Injinia

Jumanne asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado imelala juu ya mabati ya Kabwe, nimefika saiti nikakuta cheche zinaruka kule juu. Fundi nondo, mzee ninayemwamkia shikamoo kila siku, amechuchumaa na greinda mkononi, anakata nondo ya juu ya bimu kabla tu haijaingia kwenye nguzo. Nilipiga kelele mpaka mama wa chai akamwaga kikombe. Mzee akazima mashine, akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyeanza kufunga nondo kabla sijazaliwa, akasema: "Haiingii, injinia."

Nikapanda kwa hasira kwenda kumwonyesha inavyoingia. Kweli haiingii.

Nguzo ina upana wa milimita 230. Bimu nayo 230, maana mwenye jengo hataki kuona kitu kimetokeza ukutani. Zote mbili kava, yaani zege linalofunika chuma, ni milimita 30, ringi zinazozungushiwa nondo ni za 8, nondo zenyewe ni za 16. Piga hesabu: nondo ya pembeni ya nguzo inakaa kati ya milimita 38 na 54 kutoka usoni mwa zege. Nondo ya pembeni ya bimu inakaa kati ya milimita 38 na 54. Yaani ni abiria wawili wa kosta ya Tunduma waliouziwa siti moja. Na hapo sijataja bimu ya pili inayotokea upande mwingine, usawa uleule wa juu, nayo inataka kupita palepale.

Ramani je? Safi kabisa. Karatasi ya nguzo haina kosa, karatasi ya bimu haina kosa, muhuri upo. Ila nguzo na bimu hazijawahi kukutana kwenye karatasi yoyote. Zimekutana mara ya kwanza mikononi mwa mzee wa watu, juu ya jukwaa la miti, naye akaamua kesi kwa greinda. Halafu siku jengo likipasuka, wa kwanza kutukanwa ni fundi.

Sasa niwaambie kilichoniudhi hasa. Mwenye jengo hili ana 3D. Ameilipia, tena bila kuomba kupunguziwa. Nimeonyeshwa kwenye simu yake mara nne: vioo vya bluu, gari jeupe la kifahari limeegeshwa, na minazi miwili getini. Minazi! Mbeya hii, ambako saa hizi nawaandikia nimevaa koti na soksi mbili! Huku kwetu ukisema 3D, mtu anaelewa picha ya namna hiyo, ya kupeleka kwenye kikao cha ukoo na kuweka status. Mwambie kuna 3D nyingine, ya kuchora kila nondo na kila ringi kwa unene wake halisi ili kompyuta ikuonyeshe chuma kilipopenya ndani ya chuma kingine, atakuuliza: "Hiyo tena ya nini, si ramani ipo?"

Si maajabu ya mwezini haya. Wafini na programu yao ya Tekla wanachora hadi mkunjo wa ringi. Uingereza, tangu Aprili 2016, miradi ya serikali kuu inadaiwa modeli za pande tatu. Na usiniambie habari ya bei, maana programu ya FreeCAD ni ya bure, na ina zana za nondo. Usiku uleule nilikaa nayo kwenye laptop yangu ya mtumba nikachora ungio moja: nguzo, bimu mbili, ringi zote. Ilinichukua muda wa saa mbili na nusu, humo umeme umekatika mara moja. Nilipolizungusha, kila kilichomshinda mzee kilikuwa pale, kama vile kompyuta nayo inasema haiingii.

Nikamtumia injinia aliyechora. Nilitegemea matusi, lakini haki yake nimpe, hakununa. Asubuhi alirudisha jibu: nondo nne za 16 za juu ya bimu ziwe mbili za 25, zipite katikati ya nondo za nguzo. Chuma hakikupungua, milimita za mraba 804 zimekuwa 982. Nafasi kati ya chuma na chuma ikabaki kama milimita 24, kwa hiyo kwenye maungio hayo tukaacha kokoto ya 20 tukaagiza ndogo zaidi. Ile iliyokatwa tuliitoa yote.

Mtu atasema nakuza mambo, nondo moja tu. Pale bimu inapokaa juu ya nguzo ndipo inapovutwa kwa juu. Ukikata chuma cha juu, ufa unaanzia juu, na juu kuna vigae, kwa hiyo hutauona. Kingine ambacho hakiingii ni ringi za ndani ya ungio. Fundi akibanwa anaziruka, na zege likishamwagwa nani atajua? Tetemeko litajua. Tumejenga ndani ya Bonde la Ufa, Rungwe ile pale. Karonga, Malawi, walitikiswa Desemba 2009, na Karonga ni hapo tu ukivuka Kasumulu.

Fundi bomba na mashimo yake ya inchi nne kwenye bimu, hiyo ni makala yake.

Haya, nakiri kwa shingo upande: modeli haijui kama saidia fundi ameongeza ndoo mbili za maji kwenye zege. Wala haimzuii tajiri. Duka kubwa la Sampoong kule Seoul liliporomoka mwaka 1995, walikufa watu 502, na nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene kwa makusudi, ghorofa ikaongezwa juu. Huko hakuna programu ya kukuokoa. Lakini mzee wangu hapa hana tamaa wala uzembe. Amepewa vitu viwili viingie mahali pamoja, na hakuna aliyemwambia.

Alhamisi nilimwonyesha ungio lile kwenye simu. Alivua glovu, akalizungusha kwa kidole taratibu, akahesabu ringi kwa sauti. Zilitimia.

"Na ya ngazi ipo?"

"Bado, mzee."

"Pale zinakutana bimu tatu," akasema, akivaa glovu zake. "Ichore leo. Jumatatu tutakuwa tumefika."