Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani

Jina lenyewe la maradhi haya ndilo linalotupoteza. Tukisikia kifua kikuu, sisi watu wa Lamu humfikiria mtu mzima aliyekonda, anayekohoa na kutokwa na jasho usiku, wala hatumfikirii mtoto wa miaka sita anayecheza gatini akiwa na pamba sikioni. Usaha ukimtoka twasema ni maji ya bahari, tunamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu (jambo lisilofaa kabisa ikiwa ngoma ya sikio imetoboka), na kwa kuwa halii, tunazoea.

Mimi naona kutolia huko ndiko kungepaswa kututia wasiwasi. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa na daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1882, hufika sikioni kwa njia ya damu, au kupitia mrija unaounganisha koo na sikio, kisha hula polepole: huitoboa ngoma, pengine mahali zaidi ya pamoja, hudhoofisha usikivu kupita kiasi, huingia katika mfupa wa nyuma ya sikio, na akiufikia mshipa wa fahamu wa uso, mdomo wa mtoto huenda upande. Kwenye fuvu hutokea uvimbe laini usio na joto, ambao ni rahisi kudhaniwa kuwa jipu au alama ya kuanguka, ilhali mfupa ulio chini yake umekwisha kuliwa.

Ni kweli kwamba masikio mengi yanayovuja hayana TB, na sitaki kila mzazi wa Kizingitini apande mashua kwa hofu. Lakini matone ya dawa ya sikio yakitumika ipasavyo na sikio lisikauke, kuandika chupa nyingine ya dawa ileile ni kumpotezea mtoto wakati. Hata usaha ukipimwa na vijidudu visionekane, jambo halijaisha, kwani huwa vichache. Mara nyingi huhitajika kipande kidogo cha nyama kutoka ndani ya sikio. Na kabla ya vipimo vyote lipo swali lisilogharimu hata shilingi: nyumbani kuna nani anayekohoa?

Shirika la Afya Duniani hushauri TB ya mifupa kwa watoto itibiwe kwa miezi 12. Katika hospitali za umma za Kenya dawa hizo ni za bure, lakini nauli ya mashua si ya bure, na sikio hukauka mapema mno, mfupa ukiwa bado haujapona. Mzazi akiacha safari mwezi wa nne simlaumu. Nawalaumu wanaopanga huduma bila ya kuhesabu bahari, hali dawa hizo zingeweza kuchukuliwa kila mwezi katika zahanati iliyo karibu naye.