Je, takwimu za MTUHA zinatosha kupima ubora wa upasuaji?

Hospitali za Arusha na Moshi hujaza ripoti za MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, na kuziingiza kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya kuhifadhi takwimu hizo. Wanaotaka zitumike kupima ubora wa upasuaji wana hoja nzito: zimeshakusanywa, na zinamhesabu kila mgonjwa, si wachache waliochaguliwa na mtafiti. Tena zipo alama zisizopotea kirahisi. Namba ya jalada ikijirudia kwenye rejista ya thieta ndani ya siku 30, kuna la kuuliza: utumbo ulioshonwa umevuja, au damu haikukata? (Mfupa uliotoka nje kwa ajali ya bodaboda huoshwa mara mbili au tatu kwa mpango, kwa hiyo sababu isomwe kwanza.)

Udhaifu unaanzia kwenye madaftari. Rejista ya thieta humwacha mgonjwa anapotoka mezani. Akifariki siku ya tano, kifo chake kiko kwenye rejista ya wodi, pengine kimeandikwa sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) tu, bila kutajwa kwamba alipasuliwa. Usipounganisha rejista hizo kwa namba ya jalada, thieta haina kifo.

Usaha kwenye mshono ni shida kubwa zaidi. Kidonda hufuatiliwa siku 30, na kwa baadhi ya upasuaji wa kuweka chuma siku 90. Mgonjwa wa Simanjiro aliyeruhusiwa siku ya tatu atasafishwa kidonda zahanati ya kwao, na huko ni mgonjwa mpya. Matokeo yake yanaudhi: hospitali inayowapigia wagonjwa simu itaonekana chafu, isiyouliza itaonekana safi.

Fomu za bima hutaja aina ya upasuaji kwa uangalifu zaidi, maana bila hivyo hakuna malipo. Lakini tatizo lisiloongeza shilingi halina wa kulikumbuka, na wanaolipa taslimu hawamo kabisa.

Kulinganisha ndiko kunakonitia shaka kuliko yote. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda. Ukiiweka na Mawenzi ya mkoa kwa asilimia ghafi ya vifo, unaionea. Utumbo uliotoboka siku tatu zilizopita na ngiri iliyopangiwa tarehe havihesabiwi pamoja. Angalau umri, dharura au la, na daraja la ASA (kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya upasuaji) viingie kwenye hesabu. Hata hivyo bahati bado inacheza: vifo 3 kati ya wagonjwa 300 ni asilimia 1, ila kiwango halisi kinaweza kuwa asilimia 0.2 au karibu 3.

Kwa hiyo takwimu hizi zituonyeshe majalada ya kufungua, zisipange hospitali kwa nafasi. Anayeng'ang'ania jedwali la nafasi achukue kwanza majalada 50 bila kuchagua, ayasome ukurasa kwa ukurasa, na ahesabu ni matatizo mangapi hayakufika kwenye mfumo. Hesabu hiyo ichapishwe juu ya jedwali lenyewe.