Ubaguzi tusioutaja redioni

Mtajie mtu wa Mbeya au Iringa maneno "ubaguzi wa rangi", uone mawazo yake yanavyoruka mpaka ng'ambo ya Limpopo. Atakukumbusha Sharpeville, Afrika Kusini, tarehe 21 Machi 1960, polisi wa makaburu walipoua watu 69, ndiyo maana dunia ikaichagua tarehe hiyo kuwa siku ya kupinga ubaguzi. Mzee wa Tunduma ataongeza TAZARA, reli iliyopitishwa huku kwetu ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwa walowezi. Wa Iringa hana haja ya kwenda mbali: chuo cha Mkwawa majengo yake yalianza kama shule ya watoto wa Kizungu, na pale Kalenga lipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Yote ni kweli. Na yote ni dhambi ya mtu mwingine, aliyekwisha kufunga virago.

Sasa soma mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1972. Ngozi ni sehemu tu ya maneno yake. Unataja pia nasaba, utaifa wa asili na kabila. Katiba yetu, ibara ya 13(5), inakwenda njia hiyohiyo: kubagua ni kuwahesabu watu wa aina fulani kuwa duni kwa utaifa wao, kabila lao, pahala walipotokea, rangi au dini. Kwa kipimo hicho, mwenye nyumba anayemuuliza mpangaji kabila kabla ya kumtajia kodi yumo. Serikali yenyewe iliacha kuuliza kabila kwenye sensa baada ya mwaka 1967. Mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Mwenye nyumba anaendelea kuuliza.

Nayaandika haya kwa sababu ya ubishi ambao kila nikikaa na watu wa redio ndogo za Nyanda za Juu unarudi. Vikundi vya mtaani na vijijini, vya akina mama wa vikoba, wasaidizi wa kisheria, vijana, wafugaji, watu wenye ualbino, vinataka kuungana na redio za kijamii kupinga ubaguzi waziwazi: kupanga vipindi pamoja, kutaja mambo kwa majina yake, kuwaleta wanaobaguliwa studio. Wahariri wengi wanasita. Na kwa kuwa wahariri ndio wenye kipaza sauti, hoja yao inajulikana. Ya vikundi inasikika kama kelele za wanaharakati.

Tuwape wahariri haki yao. Redio ya kijamii ni mtoto maskini. Inaishi kwa matangazo ya misiba, salamu, na vipindi vinavyolipiwa na mashirika. Faini moja ya mamlaka ya mawasiliano inaweza kuizima. Shirika likilipia kipindi cha kupinga ubaguzi, kipindi kinakuwa tangazo lenye sauti ya habari, na mradi ukiisha ubaguzi nao unahesabiwa umeisha. Tena mtangazaji ni mtu wa hapohapo kijijini. Akisema kwamba wenyeji wanawanyanyasa wahamiaji, kesho atapanda bodaboda ya nani? Juu ya hayo wanaweka karata yao kubwa: mkizungumza makabila redioni mtatuletea Rwanda.

Hapo kwenye Rwanda ndipo ninapoachana nao, na nitakaa hapo kidogo.

RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari, ilianza kurusha matangazo mwaka 1993. Waliokuwa wakiisikiliza wanasema ilichangamka: muziki wa Kikongo, mizaha, watangazaji wanaoongea kama watu wa kijiweni. Mwaka uliofuata ikawa inasoma majina ya watu na mahali walipo, na wenye majina hayo hawakuwa na kipaza sauti cha kujibia. Hukumu ya waanzilishi wake wawili ilisomwa hapahapa nchini, Arusha, Desemba 2003, pamoja na ya mhariri wa gazeti la Kangura. Wahariri wetu wamejifunza kutoka kwenye hukumu hiyo kwamba kabila lisitajwe. Mimi nasoma kitu kingine. Kabila lilitajwa Rwanda miaka mingi kabla ya RTLM, kwenye vitambulisho, shuleni, ofisini. Kilichokuwa kipya ni redio ya upande mmoja inayochekesha, inayowasema watu ambao hawawezi kupiga hodi studio. Ukiondoa neno "kabila" kwenye ratiba yako ukabakiza mzaha wa upande mmoja, umebandua jina ukaacha sumu ileile chupani.

Na mizaha tunayo. Watu wa kusini ni watani mahiri. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na vita hivyo vikazaa utani mpaka leo. Mngoni atamsema Mhehe na mbwa, Mhehe atajibu mapigo, na kwenye msiba mtani atalala kaburini mpaka apewe chochote. Huo ni ustaarabu ambao mataifa makubwa yangetamani kuwa nao. Lakini utani una sharti ambalo kila bibi wa Kalenga analijua: lazima mtani awepo, na lazima ajibu. Ukimsema asiye mtani wako, au ukamsema asipoweza kukujibu, hapo umemtukana. Watangazaji wa asubuhi wanauchukua utani huu na kuutupia watu wasiokuwa na mtani studio: Msafwa anayefanywa mshamba katika mji uliojengwa juu ya ardhi ya babu zake, dada wa kazi wa kutoka Iringa, Mbarbaig ambaye hata jina lake hapewi, anaitwa Mang'ati. Wanaotaka kabila lisitajwe redioni hawajagundua kwamba linatajwa kila siku kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na wasikilizaji wanacheka.

Twende Usangu, bonde la Mbarali, maana huko ndiko jambo lilikochachuka. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi, mto unaolisha bwawa la umeme la Mtera. Lawama ziliwashukia wenye ng'ombe, na kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu, wakaswaga mifugo kuelekea Lindi na Pwani. Kumbe watafiti wa maji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikuwa wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikuwa ikichepushwa kwenye mifereji ya umwagiliaji kabla hata hayajafika ardhioevu ya Ihefu. Sisemi ng'ombe hawakuharibu kitu. Ninachotazama ni namna maneno yalivyohama. Kwenye taarifa rasmi iliandikwa "mifugo". Sokoni Rujewa ikawa "wafugaji". Kwenye daladala ikawa "Wasukuma na Mang'ati". Mfereji hauna kabila, kwa hiyo hakuna aliyeutukana mfereji.

Mwandishi aliye makini peke yake angeweza kuiona safari hiyo ya maneno? Huenda. Ila mwandishi wa redio ndogo hana mafuta ya pikipiki ya kwenda mpaka kwenye maboma. Anampigia ofisa, ofisa anampa sentensi mbili, habari imekamilika. Ofisa hapo ana kipaza sauti, mkulima wa majaruba anacho kwa sababu anaishi karibu na anajua namba ya studio, mfugaji hana. Kikundi cha wafugaji kikikaa kwenye meza ya kupanga vipindi, jambo la kwanza kitakalolifanya ni dogo mno: kitasema, hapana, mimi pia nina la kusema kuhusu mto. Wahariri wanaita hiyo kampeni. Mimi naiona ni ile kanuni waliyofundishwa chuoni, ya kusikiliza upande wa pili, imeletwa mlangoni bila nauli.

Nchi hii, tena, si mgeni wa jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi kama 75,000 vya kusikiliza redio. Kila nikiitazama hesabu hiyo nashindwa kuipita. Nchi ilikuwa na watu milioni 12 mwaka 1967, wengi hawajui kusoma, redio yenyewe ya kuchangia kijiji kizima, na bado watu wakaketi kwa majuma, wakasikiliza, wakabishana, wakaenda kuchimba vyoo. Ukigawa utaona kundi moja lilikuwa na watu 26 au 27, idadi inayotosha chini ya mwembe mmoja, kila mtu akaonekana uso na kila mtu akapata zamu ya kusema. Nadhani siri ilikuwa hapo. Redio ilianza mazungumzo, kikundi kikayamaliza, na aliyekuwa na kinyongo alikisema mbele ya jirani yake badala ya kukipeleka kilabuni.

Najua nitakavyojibiwa: choo hakina kabila, hakuna anayechukia kwa kuambiwa achimbe shimo. Tena kampeni ile ilikuwa ya serikali, wala haikuwahi kumpinga mkubwa yeyote. Hoja hiyo ina uzito, na sina jibu lake lote. Kikundi cha leo kitakuja studio kikiwa na mgogoro wa ardhi mfukoni, pengine na mgombea udiwani nyuma ya pazia. Jirani zetu Wakenya walimshuhudia mtangazaji wa Kass FM akifikishwa mahakama ya kimataifa The Hague kwa tuhuma za ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008. Kesi ikafungwa mwaka 2016 bila kupatikana na hatia, lakini miaka ya maisha yake hakurudishiwa. Mhariri wa Makete au Ludewa akiwaza hayo akasita, simwiti mwoga.

Ninachomwomba ni atofautishe pesa na meza. Vikundi vikae kwenye kamati ya vipindi bila kulipia chochote, na anayelipia kipindi asikae. Mitandao ya redio za kijamii kama TADIO inaweza kuandika sharti hilo mara moja likawafaa wote, ili mhariri wa kituo kimoja asibebe peke yake lawama ya kumkatalia mfadhili. Na kikundi chochote kinachokuja kulalamikia kubaguliwa kikubali kuketi na kile kinacholalamikiwa, kipindi hichohicho.

Liko swali ambalo bado sijalisikia likiulizwa upande wowote. Redio zetu zinarusha kwa Kiswahili. Mama wa Kibarbaig aliyezeeka kwenye boma huko Mbarali, anayekijua Kiswahili cha kununulia chumvi tu, atajibuje? Mwanawe anaweza kumkalimania, sawa, ila saa nne asubuhi, wakati vipindi vingi vya jamii vinaporushwa, mwana huyo yuko porini na ng'ombe. Labda saa mbili usiku, maziwa yakishakamuliwa.