Ndugu 41, meseji 1,000, nukta moja

Aisee hii stori nilikuwa sitaki kuitoa ila kwenye grupu la ukoo wameshanibatiza jina la "Mtambo" na kila anayeingia anauliza kwa nini, bora niimalize hapa.

Ilianza hivi, nilisikia WhatsApp wanatumia Erlang, lugha ya kuandikia programu, nikasema kama inabeba meseji za dunia nzima itashindwa nini na za kwetu. Nikasomasoma kidogo, kumbe ni lugha ya watu wa simu, ilizaliwa Ericsson kule Sweden mwaka 1986, Joe Armstrong na wenzake walikuwa wanataka mitambo ya simu isizime hata kipande kimoja kikifa. Nikajiona nimeshaiva.

Usiku wa kwanza nikafungua sheli, lile dirisha la kuiandikia Erlang amri, nikaandika X = 5 nikapiga enta. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikajua laptop imeganda nikazima nikawasha, kumbe mwenzangu anasubiri nukta. Kila kitu lazima kiishie na nukta kama insha ya darasa la tatu, usipoiweka anakaa tu anakutazama. Haya nikaweka, nikaja na X = 6. na nukta yake kabisa, akagoma. Yaani huku X ukishasema ni 5 ndo hivyo, hakuna kugeuza maneno.

Halafu nikajaribu list, nikaweka maksi za mdogo wangu [80,79,76,69]. nikapiga enta na sheli ikanijibu:

"POLE"

Wallahi niligeuka nyuma kuangalia nani kaingia. Kumbe Erlang ikiona list ya namba ambazo zote zinaweza kuwa herufi inakuonyesha herufi, 80 ni P, 79 ni O, basi hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Ningejua ile pole ilikuwa ya mapema nisingecheka.

Sasa binamu yangu alikuwa anaoa na mimi kwenye kamati nilipewa kazi ya kuwakumbusha watu ahadi zao za mchango. Ndugu 41 hawajatoa hata mia. Mtu mwenye akili angekaa akatuma meseji 41 kwa kidole akamaliza kabla ya chai, ila mimi nina Erlang bwana! Kule unazalisha prosesi, yaani vijikazi vinavyokimbia vyenyewe ndani ya programu, vitu vyepesi sana, laptop ya kawaida inabeba malaki, kila moja na maisha yake na sanduku lake la barua, haigusi ya mwenzake. Nikasema kila ndugu apewe prosesi yake, zote zitume kwa mpigo. Na kuna hii falsafa yao inanifurahisha mno, kwamba prosesi ikipata shida usiibembeleze, iache ife, juu yake kuna supavaiza kama nyapara, kazi yake ni kuona nani kafa na kumfufua aanze upya.

Kumbuka hilo neno, aanze upya.

Nikanunua meseji 1,000 kwa jamaa wa SMS za jumla, nikaandika programu: tuma meseji, subiri jibu la mtambo wao, jibu liwe 200 (namba ya kusema mambo safi), ukimaliza pumzika. Nilijaribu na mtumaji wa uongo anayerudisha 200, ikapita safi. Supavaiza nayo kwa kawaida ikifufua watu mara nyingi ndani ya muda mfupi inakata tamaa na kufunga duka, ile mimi nikaiona uzembe nikaongeza idadi ya kufufua ikawa 10000. Jumamosi saa mbili asubuhi, enta. (Na nukta.)

Kumbe wale jamaa meseji ikienda salama hawarudishi 200, wanarudisha 201. Kwa binadamu ni kitu kilekile, kazi imefanyika. Kwa Erlang uliahidi 200 umeletewa 201, badmatch, yaani havilingani, kufa. Supavaiza akaona maiti, akafufua. Aliyefufuliwa hana kumbukumbu yoyote kwamba meseji imeshakwenda, anaanza upya, anatuma, analetewa 201, anakufa. Ndugu 41 kwa mpigo!

Mimi naona tu maandishi ya makosa yanashuka kama mvua ya masika nikadhani hazijaenda, mpaka simu yangu ikaanza kutetemeka mezani, maana na namba yangu niliiweka humo (ndiyo, na mimi sijatoa, tuache hilo). Moja. Tatu. Saba. Nikakamata prosesi moja nikaiua kwa mkono, supavaiza akaifufua hapohapo kama nimemsaidia kazi. Nikaandika q() nifunge kila kitu, enta. Kimya, meseji zinaenda. q() tena, enta enta enta, jasho linanitoka, mama mkubwa anapiga, mjomba anapiga, na mimi napiga kelele "SI NIMESHAKWAMBIA UFUNGE" mdogo wangu akachungulia mlangoni akaniangalia akaondoka zake.

Nukta jamani. Nilisahau nukta.

Nilipokuja kuiweka zile 1,000 zilishaisha, haikufika hata dakika mbili. Kila mtu kapata 24, wachache 25. Mjomba aliuliza kama nimeibiwa simu. Bwana harusi mwenyewe alikuwemo kwenye listi kwa bahati mbaya, akaniandikia "bro na mimi nachangia?" Ila shangazi wa Tanga ndo alinimaliza, kapiga simu katulia kabisa, "Mwanangu, nimepata meseji ishirini na nne, kila moja inasema elfu hamsini, nimepiga hesabu ni milioni moja na laki mbili. Mnaoa malaika?"

Mwenyekiti akaamuru niombe radhi kwa kila mmoja, na kwa kuwa salio la SMS za jumla limekufa nilikaa kitandani na simu nikaandika moja moja kwa kidole, wa kwanza, wa pili, wa tatu, foleni kabisa, mpaka adhuhuri. Kwa shangazi niliandika ndefu yenye heshima zote, shikamoo mbili, nikaeleza mpaka mambo ya 201.

Akajibu: "Ya 25 hii."