Kikombe kilikuwa safi, na hilo ndilo lililonitisha

"Mzee, mbona tumefika salama?"

Hilo ndilo jibu nililopewa wiki iliyopita, nilipoonyesha kwamba petroli iliyotiwa kwenye ndege ilikuwa na ethanoli, alkoholi inayotengenezwa kwa miwa, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Aliyenijibu ni kijana ninayempenda, rubani mzuri, mikono yake imetulia kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Alitoka Mzuzu, Malawi, na ndege ndogo, Cessna 172 ya miaka ya sabini, wakiwa wawili na mizigo yao. Wakakatiza Ziwa Nyasa, wakapanda hadi futi 9,500 kuvuka milima, wakatua kwetu jioni wakati ukungu unaanza kushuka kwenye mashamba ya chai. Kule walikotoka avgas, petroli ya ndege, haikupatikana siku hiyo. Wakanunua petroli ya kituoni, madumu matatu ya lita 20, wakamimina tangini, wakaondoka.

Mimi, fundi wa ndege, hayo sikuyajua. Asubuhi nilikwenda kudreni matangi, yaani kutoa mafuta kidogo chini ya tangi kwenye kikombe niyakague, kama ninavyofanya kila siku. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na mifuniko ya matangi ya ndege ile naifahamu: mipira yake imechoka, mvua ikinyesha lazima asubuhi nikute maji kwenye kikombe. Nimekuwa nikimwambia mwenye ndege anunue mipira mipya, naye amekuwa akiniambia mwezi ujao. Asubuhi hiyo mafuta yalitoka safi kabisa. Hakuna tone la maji. Nikadreni tena, bawa la kushoto, bawa la kulia, safi. Ila ile bluu ya avgas ilikuwa imefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na harufu haikuwa ile niliyoizoea.

Mvua ya usiku kucha, mifuniko mibovu, na kikombe kisafi. Maji yamekwenda wapi?

Nikamwita kijana, akaniambia habari ya madumu. Dumu moja lilikuwa bado na mabaki chini. Nikachukua chupa yangu ndefu ya kioo yenye mistari ya mililita, nikatia maji hadi kwenye 10, kisha mililita 100 za petroli ile ya dumu. Nikatikisa, nikaiweka mezani, nikamwambia akae atazame. Vilipotulia, mstari wa maji haukuwa tena kwenye 10. Ulikuwa juu kidogo ya 20. Nikarudia kwa mafuta ya tangini, ambako petroli ilikuwa imechanganyika na avgas iliyokuwemo: mstari ukasimama karibu na 14. Chupa imefungwa, hakuna aliyeongeza maji. Kilichoongezeka ni ethanoli, iliyoikimbia petroli ikayafuata maji.

Ndipo aliponiuliza mbona wamefika salama.

Kabla sijaendelea, siwalaumu Wamalawi. Nchi yao haina bahari, mafuta yao yote yanapita kwenye bandari za watu, na tangu 1982 wamekuwa wakitengeneza ethanoli kwa molasi ya miwa pale Dwangwa, baadaye na Chikwawa, wakaichanganya kwenye petroli ya magari. Ni akili. Wakenya nao walikuwa na gasoholi yao, petroli yenye ethanoli, kutoka Muhoroni kuanzia miaka ya themanini hadi 1993, wazee wa Nairobi wanaikumbuka. Gari halina neno. Ninachozungumzia hapa ni ndege, na ndege ya zamani, ambayo walioiunda hawakuwahi kufikiri kwamba kuna siku itatiwa ethanoli.

Watu wakizungumzia jambo hili huanza na mipira na gasketi. Hayo nitayataja, lakini siyo yanayonikosesha usingizi. Linalonikosesha usingizi ni maji.

Kila aliyejifunza kurusha ndege ndogo alifundishwa kuchukua kikombe na kudreni mafuta kabla hata hajaruhusiwa kuwasha injini peke yake. Kazi hiyo inategemea jambo moja tu: petroli na maji hayapatani. Maji ni mazito, yanakwenda chini, na kwenye kikombe unayaona yakibiringika kama shanga. Ukiyaona unadreni tena, na tena, hadi yaishe, ndipo unaruka. Hatuna kipimo kingine. Hakuna taa kwenye dashibodi ya Cessna ile itakayokuambia tangini kuna maji. Kikombe ndicho shahidi wetu wa pekee, na ethanoli inamziba shahidi huyo mdomo.

Maana ethanoli inapatana na maji na inapatana na petroli, ikikaa katikati inavifunga vyote viwili pamoja. Petroli yenye ethanoli asilimia 10, ikiwa na joto la nyuzi 15, inaweza kubeba karibu nusu lita ya maji katika kila lita 100 bila kuonyesha dalili yoyote. Unadreni, unainua kikombe kwenye mwanga, unaona mafuta safi, unatosheka. Maji yamo. Umeyashika mkononi na hukuyaona.

Kisha unafanya nini? Unapanda. Kila futi 1,000 hewa inapoa kwa kiasi cha nyuzi 2. Mafuta yamo ndani ya bawa, ngozi yake ni bati jembamba la alumini, na upepo unapita juu na chini yake saa nzima. Yanapoa. Na kadiri yanavyopoa, uwezo wa kubeba maji unapungua. Ukifika mwisho wake, maji hayatoki tone kwa tone. Yanaachia kwa mkupuo, yakiwa yameivuta na ethanoli yenyewe, yanazama hadi chini ya tangi, na chini ya tangi ndiko liliko tundu la kwenda kwenye injini. Injini haiwezi kuunguza mchanganyiko ule. Hata petroli inayobaki juu siyo tena ile uliyonunua, kwa sababu sehemu ya okteni yake, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini, ilitokana na ethanoli, na ethanoli imekwisha kuzama na maji.

Gari likizimika namna hiyo pale Makambako, dereva anaegesha pembeni, anampigia fundi, anakunywa chai akisubiri. Juu ya Ziwa Nyasa hakuna pembeni.

Kwa hiyo mwanangu, mmefika salama kwa sababu jana yake hapakunyesha. Mvua hii ya usiku ingenyesha Mzuzu, kwenye mifuniko ileile, mngedreni mkaona safi kama nilivyoona mimi, na mngepanda hadi futi 9,500 mkiwa na maji tangini ambayo hakuna binadamu angeyaona.

Nimeambiwa pia, tena na fundi mwenzangu, kwamba alkoholi ni nzuri kwa kuwa inakausha maji tangini. Nakubali kwamba vitabu vya Cessna vinaruhusu alkoholi ya aina nyingine, aisopropili, kuzuia barafu kwenye mafuta. Lakini someni kipimo: isizidi asilimia 1, na inatiwa kwa utaratibu ulioandikwa. Mtu anayepima asilimia 1 anajua anachokifanya. Mtu anayemimina dumu ambalo hajui lina asilimia 10 au 20 hawezi kujificha nyuma ya ruhusa hiyo.

Kuna wanaosema Rotax, watengenezaji wa injini za ndege ndogo, wameruhusu. Ni kweli, injini za Rotax 912 zimeruhusiwa petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10. Lakini Rotax wanatengeneza injini, hawatengenezi tangi lako, wala paipu zako, wala gundi iliyozibia maungio ya bawa lako, na wao wenyewe wanakuelekeza umuulize aliyeunda ndege. Tena ndege tunayoizungumzia hapa ina injini ya kampuni nyingine, Lycoming O-320. Ruhusa ya jirani haifungui mlango wako.

Kwa ndege kama hii karatasi zipo. Tangu 1982 Marekani imekuwa ikitoa vibali vya kutumia petroli ya magari kwenye Cessna na ndege nyingine za aina hiyo, na kwa injini ya mgandamizo mdogo kama hii petroli safi haina ubaya, mimi mwenyewe nimeitumia miaka mingi. Lakini vibali hivyo vina sharti moja lisilo na mjadala: petroli isiwe na ethanoli. Ukitia ya Mzuzu, kibali chako hakikulindi tena.

Haya, mipira. Miaka miwili iliyopita nilifungua kabureta ya ndege iliyokuwa ikinywa mafuta ya kubahatisha. Paipu ya mpira iliyotoka kwenye chujio niliibinya kwa kidole gumba, ikabaki na alama ya ukucha wangu, haikurudi. Ilikuwa imevimba na kulainika kama biskuti iliyochovywa chai. Ndani ya chujio kulikuwa na vipande vyeusi vidogo, na vilikuwa vya paipu hiyohiyo. Ethanoli inafanya hivyo kwa mipira ya zamani, kwa gundi za matangi, kwa maboya ya gome la koki, na kwa baadhi ya matangi ya faibaglasi. Pia inang'oa uchafu wa miaka 40 uliokuwa umetulia zake chini ya tangi na kuupeleka kwenye chujio.

Nguvu nayo inapungua, kwa kuwa lita moja ya ethanoli ina kiasi cha theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli. Na siku ya joto mchanganyiko huo huwa mwepesi kugeuka mvuke ndani ya paipu.

Najua mtanitajia Brazil, kwa hiyo nitaitaja mwenyewe. Ipanema, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, inayoundwa Botucatu na Embraer, ilithibitishwa mwaka 2004 kuruka kwa ethanoli tupu, na injini yake ni Lycoming. Na kabla ya hapo, 1989, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, Max Shauck, na mkewe Grazia Zanin walivuka Atlantiki kwa ndege ndogo iliyotumia ethanoli. Nawavulia kofia. Lakini tazameni walichofanya. Waliiandaa injini na mfumo wa mafuta kwa ajili ya ethanoli, na walijua kilichomo tangini. Rubani wa Ipanema anajaza ethanoli kwa sababu ndege yake ni ya ethanoli. Kijana wangu alijaza ethanoli akidhani anajaza petroli. Hayo mawili msiyaweke kwenye kapu moja.

Nakubali vilevile, kwa shingo upande, kwamba avgas tunayoitetea ina risasi, ile madini yenye sumu. Lita moja ya 100LL, avgas ya kawaida, inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56, na watoto wanaoishi kando ya viwanja wanaivuta. Nami nimeishika kwa mikono mitupu maisha yangu yote. Iondoke. Lakini kuondoa risasi hakuhitaji ethanoli: kampuni ya Hjelmco ya Sweden imekuwa ikiuza avgas isiyo na risasi kwa zaidi ya miaka thelathini, na haina ethanoli.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Popote petroli inapochanganywa, namba iandikwe kwenye pampu, kwa herufi ambazo mtu mwenye dumu anaweza kuzisoma. Na siku nchi yetu itakapoamua kuchanganya, kwa kuwa miwa tunayo na molasi tunayo, aina moja ya petroli iachwe bila kuguswa. Uingereza ilipoleta E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, Septemba 2021 ilibakiza E5, yenye hadi asilimia 5, kwenye petroli ya daraja la juu, kwa ajili ya injini za zamani. E5 nayo ina ethanoli, haitoshi kwa kibali cha Cessna yetu, lakini walau kuna aliyekumbuka kwamba si kila injini imezaliwa juzi. Na ninyi mlioko viwanjani, tengenezeni chupa. Inahitaji kioo, mistari miwili na maji ya bomba. Mpime kila dumu, hata la rafiki, hata la kituo mlichokizoea miaka kumi.

Matangi ya ndege ile tumeyamwaga yote, mafuta yamekwenda kwenye trekta. Mipira ya mifuniko hatimaye imeagizwa. Paipu nimezitoa zote, na haitaruka hadi mpya zifike.

Jioni ile kijana alirudi peke yake karakana ikiwa imeshafungwa. "Shikamoo mzee. Naomba unionyeshe tena ile chupa." Nikamwachia aifanye mwenyewe. Akaifanya mara tatu. Kisha akaniuliza nusu lita ya maji ni nyingi kiasi gani ndani ya tangi. Nikampa chupa yangu ya maji ya kunywa, ile ndogo ya nusu lita, ilikuwa bado haijafunguliwa. Akaishika mkononi, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu.