Shangazi yangu si mweupe, na kamera haijui hilo

Picha za send-off ya binti yetu zimetoka. Kundi la familia likajaa makofi na kopakopa, kila mtu anasifia. Mimi nikabaki namtafuta shangazi. Nilikuwapo ukumbini, nilimwona akiingia na kitenge chake cha bluu, akaketi meza ya mbele kama inavyompasa. Nimekuja kumtambua kwa kitenge. Uso umekuwa wa kijivu kama wa mtu aliyetoka kusaga mahindi, mikunjo yote imefutwa, na zile chale mbili pembeni ya macho alizochanjwa utotoni hazipo tena. Mwanamke aliyekwisha kuwa na vitukuu kavishwa ngozi ya mwanasesere. Meza ya pili, wajomba waliokaa mbele ya pazia jeupe wameonekana meno tu.

Na kazi hiyo imelipiwa. Tumechanga, tumesumbuliwa na mweka hazina wa kamati usiku na mchana, halafu shangazi kapotea ndani ya albamu.

Jioni hiyohiyo mpwa wangu akaja. Shikamoo mjomba, marahaba, kisha: "Mjomba, na mimi nataka kuanza kupiga picha. Ninunue kamera gani?" Mkononi ana tangazo la mafunzo kwenye simu. Siku tatu tu unakuwa mpiga picha wa kimataifa, cheti kinatolewa, na ukijisajili mapema unapewa priseti hamsini bure, yaani mipangilio iliyotengenezwa tayari ya kubadili rangi na mwanga wa picha kwa mbofyo mmoja. Hamsini! Kabla hujajua jua linatokea upande gani, umeshapewa njia hamsini za kumgeuza shangazi wa watu kuwa mtu mwingine.

Nikamwambia asinunue chochote. Simu anayo. Akanitazama kama namnyima hela, na kweli nilikuwa namnyima hela, ila hiyo haikuwa sababu pekee.

Karibu kila kamera ya siku hizi, hata ile ya mamilioni, ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kipimo hicho ni kijinga. Hakijui kilicho mbele yake ni uso, ukuta au mbuzi. Kinachoamini ni kwamba ukichanganya weupe na weusi wote uliomo kwenye picha, jibu lazima liwe kijivu cha wastani. Basi kila unachokielekezea kitakivuta kifike hapo. Uso mweusi ukijaza fremu, kipimo kinasema, hapa pana giza mno, ongeza mwanga. Unaongezwa, na uso unapauka. Mtu yuleyule msimamishe mbele ya pazia jeupe au anga la mchana, kipimo kinasema, hapa panang'aa mno, punguza. Unapunguzwa, na mtu anabaki meno. Shangazi na wajomba wameharibiwa na ugonjwa mmoja, tena katika ukumbi mmoja, na kijana mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji alidhani dawa yake ni kupaka ungaunga kwenye kompyuta.

Wala hili halikuanza jana. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi. Juu yake yupo mwanamke wa Kizungu, na kadi zenyewe zikaitwa Shirley. Fundi akishapata ngozi ya Shirley imekaa sawa, mashine imekaa sawa. Ngozi zetu zikapita kwenye mashine ileile. Ni mpaka miaka ya 1990 ndipo kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilipoanza kutoka. Google nao walisubiri mpaka 2021, walipotoa Pixel 6, kutangaza kwa mbwembwe kwamba simu yao sasa inajitahidi kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Ahsanteni. Tulikuwepo muda wote.

Kamera za siku hizi zinatambua nyuso na zinakosea kidogo kuliko za zamani, hilo nakubali. Lakini hazijafika mahali pa kuachiwa ukumbi wenye taa za zambarau, gauni jeupe na suti nyeusi vikiwa bega kwa bega.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kujifunza, kabla ya mambo yote ya lenzi, ni kuikatalia kamera. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye simu nyingi unagusa uso wa mtu kwenye kioo, kialama cha jua kinatokea, unakitelezesha juu au chini. Uso mweusi umejaza fremu? Punguza. Ndiyo, punguza, ingawa moyo unakuambia uongeze. Mtu yuko mbele ya ukuta mweupe? Ongeza, na ukuta ukiungua uache uungue. Hakuna aliyekuja kuona ukuta. Siku utakapofanya hivi bila kufikiri umeshawapita nusu ya wanaotulipisha kwenye masherehe.

Cha pili ni jua letu, na hapa ndipo bando la watu linapoteketea. Kijana anashinda YouTube akimsikiliza mtu wa Norway anayemsimulia saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa jioni ambao eti unakupa muda wa kutembea, kubadili lenzi, kunywa chai. Kwao jua linazama kwa mshazari, linajivuta. Hapa Dar linadondoka karibu wima. Mwanga mzuri unaanza kama nusu saa kabla ya jua kuzama, na likizama umekwisha, muda mfupi baadaye ni giza na adhana. Ukifika ufukweni Coco jua linazama ukaanza kutafuta betri, hesabu umekosa.

Mchana nao una tabia zake. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la saa sita linakaa utosini kabisa. Piga mtu uso wakati huo, macho yanageuka mashimo mawili. Mafunzo yote yatakuambia usipige saa sita. Nani kakwambia maharusi wa kwetu wanatoka kanisani saa kumi na moja jioni kusubiri mwanga wako? Wanatoka saa saba, wana jasho, na wana gari la kukodi linalohesabu muda. Lazima ujue la kufanya saa saba.

Na cha kufanya kipo chini ya miguu yako. Mchanga mweupe wa Bahari ya Hindi unarudisha mwanga juu, unajaza yale mashimo ya macho. Sakafu nyeupe ya saruji inafanya hivyohivyo, na shuka jeupe likishikwa na mpambe mvumilivu linafanya vizuri zaidi. Kivuli cha baraza ni kizuri kuliko kivuli cha mwembe, kwa sababu chini ya mwembe uso unachukua ukijani wa majani na madoa ya jua yanayopenya. Dodoma, ule udongo mwekundu unapaka kidevu wekundu usiouona mpaka uangalie picha. Mambo haya hakuna priseti inayoyajua, maana aliyeitengeneza hajawahi kusimama Dodoma.

Mpwa wangu nikampa kazi moja. Mkalishe dada yako kwenye kiti, mlangoni. Mpige akiwa nje juani. Msogeze barazani. Msogeze kizingitini, uso ukiangalia nje. Msogeze ndani hatua mbili, halafu mgeuze ubavu. Dada yuleyule, simu ileile, na utapata watu watano tofauti. Pale kizingitini, giza la nyumba likiwa nyuma yake na mwanga wa uani ukimjia usoni, ndipo utakapoona ngozi nyeusi inavyong'aa bila kupakwa kitu. Rudia asubuhi, rudia mchana, rudia mawingu ya masika yakitanda. Dada akichoka mnunulie soda.

Wazee walijifunza hivi kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mohamed Amin, yule aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 dunia nzima ikashtuka, alikulia hapahapa Dar, na akiwa mtoto wa shule alianza na Brownie, kisanduku ambacho karibu hakina cha kurekebisha. Ukiwa na kitu kama hicho, kilichobaki kwako ni kusimama mahali panapofaa kwa jua lilipo. Mwaka 1963 akafungua Camerapix, hapahapa mjini. Na Seydou Keïta, mpiga picha wa studio kule Bamako, Mali, alifanya kazi kwa mwanga wa jua, mara nyingi fremu moja tu kwa mteja, kwa sababu filamu ni hela. Tazama nyuso zake: weusi juu ya weusi, na kila shavu lina umbo lake. Siku hizi kijana anapiga picha mia nane kwenye kitchen party moja, anaiachia bahati imchagulie.

Mengine yote ni ya kujifunza njiani. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga: 1/125 ya sekunde kwa mtu aliyetulia, 1/500 kwa watoto wanaokimbia. Usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hata kama chenga zitatokea. Picha yenye chenga ni bora kuliko picha iliyotikisika. Usikate watu miguu kwenye vifundo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu, na karibu na kambi ya jeshi kamera ikae kwenye begi, usije ukatutafutia safari ya polisi.

Mafunzo ya kulipia si wizi yote, nasema hivyo kwa shingo upande. Kukaa na mtu anayeijua kazi, akaitazama picha yako na kukuambia "hapa umeharibu, kwa sababu hii," ni jambo ambalo video hailiwezi. Ila hilo unaweza kulipata pia kwa kumbebea begi mpiga picha mzuri wikiendi kadhaa, na chakula cha ukumbini juu. Muulize kwanza kama anapaka ungaunga. Akisema ndiyo, tafuta mwingine.

Simu nayo ina mwisho wake. Mpira uwanjani utaukosa, na ukumbi wenye giza utakushinda. Ukifika hapo, nunua kamera iliyotumika pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, ile ambayo karibu kila kampuni inaiuza rahisi kuliko lenzi zake nyingine. Usinunue kwa picha za tangazo, nenda ukaishike. Pwani yetu ina unyevu na lenzi zinaota kuvu. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo, mrudishie mwenyewe na usikubali akuambie ni vumbi. Ikiwa safi, nunua, kisha iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Mpwa wangu ameshaanza kuvikusanya, na kamera hana bado.