Wasichana na PlayStation Lubumbashi: kasoro iko kwenye mchezo au mlangoni?

Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe waliwafunga AS FAR, klabu ya Morocco, bao 1-0 huko huko Morocco na kurudi na kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Lubumbashi ilishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia hadi sauti ikakauka. Lakini siku zile zile, ukichungulia chumba cha PlayStation katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba, ambako kandanda huchezwa kwa vidole toka asubuhi hadi umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukatike, ungekuta wavulana watupu. Msichana ukimwona mle, ametumwa kumwita kaka yake aje kula.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 16. Nyumbani akishika maneti, kile kidude cha kuchezea, kaka zake wawili huanza kutafuta visingizio mapema. Nilimuuliza kwa nini haendi kucheza mtaani kama wao. Alinijibu bila hata kuinua macho: «Mule muko banaume tu, yaya.»

Jibu lake limenisumbua, kwa sababu mjadala wa michezo ya video na wanawake kwa kawaida huanzia kwingine kabisa. Wengi husema kasoro iko ndani ya mchezo: umetengenezwa na wanaume, kwa ajili ya macho ya wanaume. Ushahidi wanao. Lara Croft alipotokea mwaka 1996 katika Tomb Raider, alikuwa mwanamke shujaa, hodari, msomi wa mambo ya kale, lakini mwili wake ulichorwa na kutangazwa kwa namna iliyowalenga wavulana waziwazi. Ilibidi tufike 2013 ndipo akachorwa upya, akawa mtu anayechoka na kuumia. Kwenye kandanda ndiyo zaidi. Mfululizo wa michezo ya video ya FIFA ulianza mwaka 1993, na timu za wanawake ziliingia mara ya kwanza katika FIFA 16, mwaka 2015, tena timu 12 za taifa tu. Mtoto wa kike aliyekua katika miaka hiyo alicheza mpira wa dunia ambamo watu wa jinsia yake hawamo.

Kwa hiyo siwezi kuwabeza wanaodai michezo ibadilike. Shida inaanza pale tunapouliza: ibadilike iwe nini?

Mjapani Toru Iwatani alijiuliza swali hilo kabla ya wengi. Pac-Man, iliyotoka mwaka 1980, aliibuni akiwa na nia ya kuwavuta wanawake na wapenzi wawili wawili waje kwenye kumbi za michezo. Akachagua kitendo cha kula, kwa kuamini kwamba wanawake hupenda vyakula vitamu. Hapo, kusema kweli, alikuwa anakisia kama mjomba anayemnunulia mpwa wake zawadi bila kumuuliza. Lakini aliona pia jambo ambalo wengi hawakuliona: kumbi zenyewe zilikuwa za kiume, zimejaa michezo ya kuua wageni kutoka angani, na mwanamke hakuwa na sababu ya kuingia. Nusu ya wazo lake ilihusu mchezo, nusu ya pili ilihusu mlango. Warithi wake walishika ile nusu ya kwanza.

Ndiyo maana mwaka 1996 kampuni ya Mattel ilitoa Barbie Fashion Designer, mchezo wa kubuni nguo za mwanasesere, ikauza nakala zaidi ya 500,000 katika miezi miwili ya kwanza. Waliokuwa wakisema wasichana hawanunui michezo walinyamaza. Lakini funzo lililochukuliwa likawa kwamba msichana anataka rangi ya waridi na vipodozi, na rafu yake ikatengwa pembeni. Miaka minne baadaye ikaja The Sims: kujenga nyumba, kulipa bili, kugombana na jirani. Haikuandikwa popote kwamba ni ya wasichana, na wanawake waliipenda kwa wingi ambao sekta hii haikuwa imeuzoea. Mimi naona mchezo unaokuacha uamue mwenyewe unavuta watu wengi kuliko ule uliokwisha kuamua wewe ni nani.

Wapo pia wanaosema ni maumbile tu, mwanamke na mashine haviendani. Sitakaa sana hapa. Carol Shaw alitengeneza River Raid mwaka 1982, na Roberta Williams alikuwa akibuni michezo ya kompyuta tangu 1980. Tuendelee.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni ile ya takwimu. Nchini Marekani, ripoti za chama cha watengenezaji wa michezo ya video zinaonyesha wanawake wanakaribia nusu ya wachezaji wote. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 46. Wenye kupinga hujibu kwamba hesabu hiyo imejumlisha watu wa Candy Crush kwenye simu, na kwamba huo si mchezo wa kweli. Nawasikia, ila nikitazama hapa kwetu siwezi kukubaliana nao. Kwa mwanamke wa Lubumbashi simu ndiyo mashine aliyo nayo. Mama anayeuza mboga akicheza ludo kati ya mteja na mteja anapanga, anakisia, anashindwa, anarudia. Kama huko si kucheza, basi tumelifupisha neno makusudi ili wao wabaki nje. Ila wapinzani wana haki katika jambo moja: simu haikupi ukumbi. Hakuna anayekuona ukishinda, na mashindano ya mtaa yakija jina lako halimo.

Basi turudi mlangoni. Mama yangu anauliza: «Mutoto mwanamuke anaenda kufanya nini mule?» Nilikuwa nachukia swali hilo. Sasa naliheshimu zaidi, maana mle kuna matusi, watu huwekeana pesa juu ya mechi, na umeme ukikatika saa moja usiku njia ya kurudi ni giza. Hofu yake ina msingi. Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ni kumfungia binti, na matusi yanaachwa yalivyo.

Duniani wamejaribu njia ya kutenga. Tangu 2021 kampuni ya Riot Games ina mashindano ya Game Changers kwa ajili ya wanawake, katika mchezo wake wa kufyatuliana risasi uitwao Valorant. Wanaopinga wanamtaja Li Xiaomeng wa China, ambaye mwaka 2019 alishinda fainali ya dunia ya Hearthstone, mchezo wa karata wa kompyuta, dhidi ya wanaume: kama vidole na akili ni vile vile, kwa nini kutengana? Swali ni la haki. Jibu langu liko kwa Mazembe. Wale wanawake wasingefika Morocco kama wasingepewa kwanza timu yao, kocha wao na saa zao za mazoezi. Kwenye mpira wa miguu timu yao hubaki yao daima; kwenye PlayStation ningependa kutengwa huko kuwe ngazi ya kupandia tu.

Nilimwendea kijana mwenye chumba karibu na kwetu nikamwomba Jumamosi moja asubuhi iwe ya wasichana. Alinifanyia hesabu waziwazi: mashine mbili za mitumba, mafuta ya jenereta, kila kiti kisicho na mtu ni hasara. Alikubali pale nilipolipia saa mbili za kwanza mwenyewe. Walikuja sita. Nilidhani watataka kandanda kwa sababu ya Mazembe; wakachagua mchezo wa kupigana, wakapiga kelele kuliko wavulana. Mwenye chumba aliona, na safari ya pili hakudai nilipie mapema.

Ila saa tano ilipofika, wanne waliweka maneti chini bila kuambiwa na mtu. Kulikuwa na maji ya kuchota na bukari, yaani ugali, ya kusonga. Kaka zao walikuwa nje wanasubiri viti, na wao hawakuwa na saa ya kurudi nyumbani.